Ufa wa Dohani Haungoji Kikao Kijacho

Katika kabati la ofisi ya msikiti wetu kuna daftari la mihtasari lenye jalada gumu la buluu. Limeandikwa kwa mkono wangu, kwa kuwa mimi ndiye katibu wa kamati. Ukilifungua utakuta jambo moja limetajwa mara tatu ndani ya miezi kumi na moja. Mara ya kwanza nimeandika: “Dohani ya jiko la nyumba ya imamu ina ufa. Fundi atafutwe.” Mara ya pili: “Suala la dohani liahirishwe hadi baada ya Ramadhani.” Mara ya tatu: “Dohani: kikao kijacho.” Hakuna mara ya nne. Kabla ya kikao hicho kijacho kufika, nyumba iliungua.

Naandika makala haya kwa sababu najua kwamba daftari kama hilo lipo katika nyumba nyingi za Waislamu, ingawa halikuandikwa popote. Baba anasema, “Tutatengeneza nikipata nafasi.” Mwezi unapita, na wa pili unapita. Anayesema hivyo mara nyingi hana ubaya wowote moyoni. Sisi nasi hatukuwa na ubaya.

Usiku wa Julai

Msikiti wetu uko katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, ambako mwezi wa Julai ukungu hushuka mapema na watu hulala chini ya mablanketi mawili. Nyumba ya imamu ni wakfu. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma na paa la bati, na jiko lake limeungana na vyumba vya kulala ili joto lisipotee. Dohani ya matofali inapanda kutoka mekoni, inapenya dari, kisha inatokeza juu ya paa.

Usiku huo mke wa imamu alipika makande, chakula kinachotaka moto wa saa nyingi. Alipomaliza aliyafukia makaa kwa majivu, kama alivyofundishwa na mama yake, familia ikalala. Saa nane za usiku aliamshwa na kikohozi cha mtoto. Alinieleza baadaye kwamba hakuona moto wowote. Alichosikia ni mlio juu ya dari, kama panya wanaotafuna. Alipofungua mlango wa ukumbini, moshi ukamkabili usoni.

Walitoka wote sita, watoto wakiwa wamefungwa katika mablanketi. Majirani walikuja na ndoo. Ilipoadhiniwa alfajiri, nusu ya paa ilikuwa imeshaanguka. Hakuna aliyekufa wala kuungua, Alhamdulillah. Lakini vitabu vya imamu, alivyovikusanya tangu alipokuwa mwanafunzi, vilibaki majivu. Cherehani ya mkewe, aliyokuwa akishonea sare za watoto wa mtaani na kupatia fedha ya sabuni na chumvi, ilibaki chuma kilichopinda.

Siku ya tatu alikuja fundi mwashi akapanda juu ya mabaki. Aliniita nikaone. Ule ufa tuliousikia katika vikao, ambao ukiwa jikoni ulionekana mwembamba kama uzi, huko juu ya dari ulikuwa umepanuka hadi vidole viwili kuingia. Udongo wa kuunganishia matofali ulikuwa umemomonyoka, na mti mmoja wa kenchi ulikuwa umeegemea hapohapo. Alinionyesha sehemu ya mti huo ambayo moto haukuifikia vizuri. Ilikuwa nyeusi mpaka ndani. “Mti huu haukuanza kuungua juzi,” alisema. “Ulikuwa unakaangwa tangu mwaka jana.”

Makadirio ya kwanza ya kuziba ufa yalikuwa chini ya shilingi laki moja. Kuijenga upya sehemu iliyoungua kulichukua zaidi ya shilingi milioni tatu, na ndani ya hesabu hiyo hakuna kitabu hata kimoja wala cherehani.

Dohani na nyumba zetu

Neno lenyewe tumelipata katika Kiarabu. Dukhan ni moshi, na wasomaji wa Qur'ani wanaijua sura yenye jina hilo. Watu wa pwani, wanaopikia uani au katika banda lililo wazi, huenda wasiione dohani ila juu ya kiwanda au meli. Kwetu sisi wa nyanda za juu, na kwa ndugu zetu wa Njombe, Mbulu na kwingineko penye baridi, ni kitu cha kila siku, iwe ya matofali au bomba la bati.

Wazee wetu hawakuihitaji sana. Nyumba ya nyasi ilikuwa ikipumua. Moshi ulipanda taratibu ukapita katikati ya nyasi, ukafukuza wadudu na kuyakausha mahindi yaliyowekwa kwenye uchaga juu ya meko. Kisha yakaja mabati, na baada ya mabati zikaja dari za mbao na madirisha ya vioo. Haya yote ni mema, lakini yameifunga nyumba. Katika nyumba iliyofungwa, moshi una njia moja tu ya kutokea, nayo ni dohani. Njia hiyo ikiharibika, nyumba yenyewe inageuka kuwa dohani na sisi tumo ndani yake.

Inavyofanya kazi ni jambo jepesi kufahamika. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda. Inapopanda huivuta nyuma yake hewa safi kutoka mlangoni, nayo huuchochea moto. Dohani nzima huvuta vizuri, na kuni huwaka kwa mwali safi. Dohani yenye tundu au ufa huingiza hewa baridi ubavuni, mvuto unapungua, moshi unarudi jikoni, na kuni zinazidi kutumika. Hivyo hata kabla ya kufikiria hatari, mwenye dohani mbovu analipa kila siku kwa mzigo wa kuni.

Ufa mdogo unavyokua

Kila Mswahili anaijua methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatizo la dohani ni kwamba ufa wake mkubwa hauonekani. Sehemu tunayoiona jikoni ndiyo iliyo salama zaidi. Uharibifu huanzia juu, kwenye mvua, au katikati, ndani ya dari, mahali ambapo hakuna anayefika.

Adui wa kwanza ni maji. Mvua ya masika huingia kwenye mdomo wa dohani usio na kofia, ikateremka ndani na kulainisha udongo ulio kati ya matofali. Maji hupenya vilevile pale bati linapokutana na dohani, na alama yake ni doa la kahawia kwenye dari. Watu wengi hulichukulia doa hilo kuwa ni uvujaji wa kawaida, wakaweka sufuria chini yake.

Adui wa pili ni moto wenyewe. Matofali hupanuka yakipata joto na kunywea yakipoa, kila siku, mwaka baada ya mwaka. Kiungo kigumu kisichoweza kufuata mwendo huo hupasuka. Ndiyo maana waashi wenye ujuzi hawatumii saruji tupu karibu na moto. Hutumia udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, na sehemu za juu hutia chokaa.

Adui wa tatu ni masizi. Kuni mbichi hutoa moshi mzito wenye utomvu, nao hugandamana ndani ya dohani kama lami. Ganda hilo likiwa nene huweza kushika moto lenyewe, na moto huo huunguruma ndani ya dohani kwa joto kali linalopasua hata matofali mazima. Kwa dohani za bati, masizi yakichanganyika na unyevu huwa na ukali unaolila bati mpaka litoboke, na matundu hayo huwa madogo kama ya sindano kwa muda mrefu kabla hayajaonekana.

Maadui hawa watatu hushirikiana. Maji hufungua njia, joto huipanua, masizi huijaza. Kazi ambayo leo ingemchukua fundi nusu siku, baada ya masika mawili huwa ni kubomoa na kujenga upya.

Sumu isiyo na harufu

Moto si hatari pekee, wala si ya kwanza. Moshi wa kuni una hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na haiwashi macho. Ikivutwa hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu huendelea kupumua ilhali mwili wake unakosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu usio na sababu. Aliyelala huenda asiamke kabisa.

Ipo ishara moja ambayo kila mzazi anapaswa kuihifadhi. Ikiwa watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, usitafute panadoli. Watoe wote nje, zima moto, fungua milango, na aliyezidiwa apelekwe hospitali mara moja. Usimrudishe mtu ndani mpaka chanzo kijulikane.

Hata pale moshi usipoua kwa usiku mmoja, huua polepole. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia nishati chafu, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo ni vya watoto walio chini ya miaka 5. Ni nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima ni maradhi ya moyo, kiharusi na mapafu.

Hapa pana mtego mwingine. Jiko la kuni likishaanza kurudisha moshi, familia huliacha na kuhamia kwenye jiko la mkaa, kisha siku za baridi hulibeba jiko hilo mpaka chumbani ili wapate joto. Wanaona wameepuka moshi kwa kuwa mkaa haufuki. Ukweli ni kwamba wameikaribisha ile sumu isiyoonekana katika chumba kilichofungwa. Usilaze jiko la mkaa chumbani, hata kama limebaki makaa mawili.

Tulichokisahau katika elimu yetu

Nilisoma chuo cha Kiislamu kwa miaka kadhaa, na yote nitakayoyasema hapa niliyasoma kabla ya ule moto. Hilo ndilo linaloniuma.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku ikiwa na watu wake. Mtume (S.A.W) alipopewa habari, aliwafahamisha Masahaba kwamba moto ni adui yao, akawaamrisha wauzime wanapolala. Katika riwaya nyingine alionya juu ya panya anayeweza kuukokota utambi wa taa akaiunguza nyumba. Tazama namna mafundisho hayo yalivyoingia katika mambo madogo ya ndani ya nyumba. Aliyemfikiria panya na utambi hawezi kuuona ufa wa dohani kuwa ni jambo lisilo la dini.

Katika Surat al-Kahf tunasoma kisa cha Nabii Musa na mja mwema, ambaye wanazuoni wengi wamemtaja kuwa ni Khidhr (A.S). Walifika katika mji ambao watu wake walikataa kuwakaribisha. Wakaukuta ukuta unaotaka kuanguka, naye akausimamisha bila ya kudai ujira. Baadaye tunaelezwa kuwa chini yake palikuwa na hazina ya mayatima wawili. Tumezoea kukisoma kisa hicho kila Ijumaa, na tunazungumza sana juu ya hazina. Tuzungumze pia juu ya wakati. Ukuta ulikuwa bado haujaanguka. Aliutengeneza ungali umesimama, na kwa hilo haki ya wasiojiweza ilihifadhika.

Nakiri jambo jingine. Wiki ile baada ya moto nilifungua vitabu vya fiqhi nikiwa natafuta nafuu ya nafsi yangu. Upo mlango unaohusu ukuta ulioinama kuelekea njia ya watu. Wanazuoni wa Hanafi wamesema mwenye ukuta akishatakiwa aubomoe, akapata muda wa kutosha na asifanye, basi ukianguka ukadhuru analipa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba ukuta uliojengwa ukiwa umenyooka, kisha ukainama na kuanguka, mwenyewe halipi. Ametaja pia kauli isemayo kuwa hulipa iwapo aliweza kuubomoa au kuutengeneza. Niliishika ile kauli ya kwanza kwa siku moja. Siku ya pili nikakumbuka kwamba sisi hatukuwa wenye ukuta. Tulikuwa wasimamizi wa wakfu, na fiqhi imemwekea msimamizi wa wakfu kazi ya kwanza kabla ya zote, nayo ni kuutengeneza usiharibike. Mapato ya wakfu huanza kwenye matengenezo ndipo yafike kwa wanaostahiki. Sisi mwaka huo tulikuwa tumenunua mazulia mapya.

Mjumbe mmoja wetu, akitaka kumfariji imamu, alimwambia kwamba hayo yote ni kadari. Imamu alikuwa amesimama juu ya majivu ya vitabu vyake. Alimjibu kwa upole kwamba ni kweli, ila ufa ulikuwa kadari, na fundi naye alikuwa kadari, na namba ya simu ya fundi tulikuwa nayo. Ndivyo alivyofahamu Sayyidna Umar (R.A) alipogeuza msafara wake asiingie Sham penye tauni. Kuamini kadari hakukumzuia kuchukua hadhari.

Nani aliyekuwa anavuta moshi?

Nilipoyapitia tena maandishi yangu niligundua jambo ambalo daftari halikulisema. Habari ya ufa ililetwa kwetu na mjumbe, aliyeambiwa na imamu, aliyeambiwa na mkewe. Yeye ndiye aliyeuona kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiinama mbele ya meko yale asubuhi na jioni. Alisema macho yanamwasha. Alisema mtoto mdogo anakohoa akiwa jikoni na anapoa akiwa nje. Alisema mvua ikinyesha panatoka harufu ya masizi chumbani. Maneno hayo matatu yalikuwa ripoti kamili, na fundi mzuri asingehitaji zaidi. Lakini yalipofika kikaoni yalikuwa yamekuwa neno moja: ufa.

Sisi wajumbe tulikuwa saba, wanaume watupu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia katika jiko lile. Adabu ilitutaka tusiingie ovyo katika nyumba ya mtu, lakini adabu haikutukataza kupiga hodi na kuomba ruhusa tukiwa na fundi. Tuliahirisha kwa wepesi kwa sababu moshi haukuwa unaingia vifuani mwetu.

Hili ndilo ninalotaka akina baba walichukue katika makala haya. Katika nyumba nyingi, mwenye kuamua juu ya matengenezo si yule anayevuta moshi. Anayeahirisha yuko msikitini, dukani au shambani, na anayesubiri yuko jikoni na mtoto mgongoni. Kuahirisha kunaonekana kama kutoamua. Kumbe ni uamuzi kamili, na gharama yake inalipwa na mwingine ambaye hakuulizwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, wiki hii chukua kigoda ukakae jikoni mwako tangu maharage yanapobandikwa mpaka yanapoiva. Usikae mlangoni, kaa pale anapokaa mama watoto. Ukimaliza hutahitaji makala.

Tusimsahau na jirani. Mtume (S.A.W) alimuusia Abu Dharr (R.A) aongeze maji anapopika mchuzi ili awagawie majirani. Wapo wanaofanya kinyume: mchuzi haujafika kwa jirani, lakini moshi unafika kila siku, na cheche zinatua juu ya paa lake. Mafakihi wa zamani walijadili moshi wa matanuri na wa mabafu ya umma unaowaudhi majirani, wakauhesabu kuwa ni madhara ya kuondolewa. Dohani fupi au iliyopasuka upande wa jirani ni haki yake, si ihsani yako.

Mambo ya kufanya

Wakati bora wa kukagua ni Januari na Februari, baada ya vuli na kabla ya masika, kwa kuwa udongo na chokaa hukauka vizuri, na msimu wa baridi utakukuta tayari. Anza hivi.

Kwanza, uzime moto usiku kucha ili dohani ipoe. Mchana wa jua weka kioo mekoni ukitazame. Dohani nzima itakuonyesha duara au mraba safi wa mbingu. Ukiona giza, pana kiota, tofali lililoanguka au masizi mengi. Ukiona mwanga ubavuni, hapo pana tundu.

Pili, panda darini na tochi. Tafuta michirizi myeusi nje ya dohani, kwa kuwa masizi hayatoki ila pana njia. Hakikisha hakuna mti wa kenchi, ubao wala waya wa umeme ulioigusa. Angalau upana wa kiganja ubaki wazi kati ya mti na tofali. Msiweke magunia, mahindi ya mbegu wala kuni karibu nayo.

Tatu, tazama mekoni na sakafuni. Vipande vya tofali na unga wa udongo ni ishara kwamba juu panamomonyoka. Rangi ya ukuta inayobanduka upande wa dohani ni ishara ya unyevu.

Nne, tazama paa. Dohani itokeze juu ya bati kiasi cha dhiraa mbili, iwe na kofia ya kuzuia mvua iliyoinuliwa vya kutosha moshi upite, na kiungo chake na bati kizibwe vizuri.

Tano, masizi yakifikia unene wa sarafu mbili yakwanguliwe. Tumieni kuni zilizopasuliwa na kukaushwa miezi sita au zaidi. Kuni kavu zikigongwa hutoa mlio mkavu, na kuni mbichi hutoa mlio mzito.

Sita, ukikuta ufa wowote unaopita tofali moja kwenda jingine, usipige lipu juu yake ukaridhika. Lipu huficha ufa machoni pako na haiufichi kwa moto. Mwite fundi mwashi aliyewahi kujenga dohani, umwambie aanze na darini. Mpaka atakapomaliza, pikeni nje.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tuhangaike na dohani ilhali nchi inahamia kwenye gesi na umeme? Ni swali la haki. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mwenye uwezo wa kuhama ahame leo, na sisi tutamwombea baraka. Lakini ambaye usiku huu atakoka kuni, watoto wake watalala usiku huuhuu. Hawezi kuwalaza kwa kutegemea mwaka 2034. Na asiye na fedha ya fundi asione haya kusema msikitini. Kuziba dohani ya mjane au ya mzee ni sadaka inayoendelea kila chungu kinapobandikwa.

Ukurasa wa nne

Nyumba ya imamu imesimama tena. Vijana wa mtaa walibeba matofali, akina mama walipika, na mwashi hakuchukua ujira wa siku mbili za mwisho. Cherehani ilipatikana kwa mchango. Vitabu vinarudi kimoja kimoja, na baadhi havitarudi, kwa kuwa pembeni mwake vilikuwa na maelezo ya walimu wake waliokwisha kufariki.

Kamati imejiwekea kanuni mbili. Habari yoyote ya uharibifu katika mali ya wakfu hukaguliwa ndani ya siku saba, bila ya kungoja kikao. Na kila mwezi wa Januari akina mama wawili wanaotuwakilishia familia huingia pamoja na fundi katika majiko yote ya nyumba za msikiti, na wanayoyasema huandikwa kama walivyoyasema, bila ya kufupishwa.

Mwaka huu ukaguzi ulionyesha kofia ya dohani imelegea. Nimeandika katika daftari lilelile: “Kofia ya dohani imelegea. Imekazwa.” Maneno yote mawili ni ya siku moja.

Tunamwomba Allah (S.W) azihifadhi nyumba zetu na waliomo ndani yake, na atusamehe yale tuliyoyajua tukayaahirisha. Wallahu a'lam.